Namba ya Bluetooth haitoshi kumwita mtu mwizi

Jioni moja mjini Baraka, bafle ya Bluetooth ilipotea kwenye nyumba ya kuchaji simu, si mbali na soko. Kijana mmoja akafungua katika simu yake programu inayoonyesha nguvu ya sinyali, kundi likaanza kutembea avenyu nzima macho yakiwa kwenye namba. Mbele ya nyumba yenye mlango wa bati, namba ikapanda. Humo mlikuwa familia iliyokimbia vita kutoka milimani. “Iko humu!” wakapiga kelele. Mtoto wao mkubwa akashikwa shati.

Nilikuwa hapo. Kilichomwokoa kijana yule ni mzee mmoja wa avenyu aliyeuliza kwa upole: “Wanangu, hiyo namba imewaambia jina la mwizi?” Watu wakanyamaza. Kesho yake bafle ilionekana ng’ambo ya barabara, katika nyumba ya udongo, ambako mtoto mdogo aliipeleka ili acheze nayo. Kundi lilikuwa limepita mbele ya nyumba hiyo bila kusimama, kwa sababu hapo namba ilikuwa chini.

Programu hizi zinapatikana bure, na vijana wanapeana simu kwa simu bila hata kununua mega. Sizikatai. Ninachokataa ni namba yake kufanywa ushahidi.

Tuangalie namba yenyewe. Simu inapima nguvu ya sinyali inayoipokea na kuiandika kwa dBm, karibu kila mara ikiwa chini ya sifuri. Kitu kilicho karibu sana kinaweza kuonyesha -40, na kilicho mbali -90. Namba ikishuka kutoka -50 hadi -60, nguvu imepungua mara 10. Mahali pa wazi kabisa, umbali ukiongezeka mara 2, namba inashuka kwa 6 hivi.

Lakini avenyu zetu si mahali pa wazi. Bluetooth inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo maji huyameza na chuma huyarudisha. Mwili wa mtu umejaa maji. Mtu mmoja akisimama katikati, namba inaweza kushuka kwa 10 ao zaidi, na programu itadhani kitu kiko mbali mara 3. Ukuta mnene wa udongo uliolowa mvua nao hupunguza sinyali. Mlango wa bati huirudisha, na mtu aliyesimama mbele yake anaweza kuona namba inapanda wakati kitu kiko nyuma yake. Tena simu mbili za aina tofauti, zikiwekwa pamoja, zinaweza kutoa namba mbili tofauti.

Haya si maneno ya kijijini tu. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, kampuni za Apple na Google zilitoa mfumo wa kutumia Bluetooth ili kujua nani alikuwa karibu na mgonjwa. Watafiti wawili wa Trinity College Dublin, nchini Ireland, Douglas Leith na Stephen Farrell, waliujaribu ndani ya treni ya mjini. Karibu nusu ya jozi za simu walizopima zilikuwa chini ya mita 2, lakini kwa kanuni za Uswisi na Ujerumani hakuna hata onyo moja lililotolewa. Kwa kanuni ya Italia, matokeo yalikuwa kama kuchagua watu kwa bahati nasibu. Kama kampuni tajiri hivyo zilishindwa ndani ya behewa moja, sisi tutaweza namna gani katikati ya mabati ya Baraka, ao katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, ambako nyumba zimekaribiana?

Wengine watasema: simu ndiyo benki ya mvuvi na ya mama muuza samaki, na mwizi hangojei tumalize uchunguzi. Ni kweli, na hasira yao ninaielewa. Lakini katika Fizi tunajua hasira ya namna hiyo inaishia wapi. Jamii zetu zimeumizana miaka mingi, na wa kwanza kushukiwa ni mgeni, mkimbizi, ao yule ambaye lugha yake si yetu. Kwa mtu aliyekwisha kumchukia jirani yake, -45 inakuwa sababu aliyokuwa akiitafuta.

Sheria nayo iko wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 29, inalinda nyumba ya kila mtu: hakuna kuingia kupekua isipokuwa kwa njia iliyowekwa na sheria. Kifungu cha 17 kinasema mshitakiwa ahesabiwe kuwa hana kosa mpaka hukumu itolewe.

Basi programu hiyo itumiwe kwa nini? Itumie nyumbani mwako, kutafuta vitu vyako. Simama mahali pamoja, ngoja kidogo, geuka pande zote nne, soma namba mara kadhaa, kisha songa hatua chache na urudie. Ifuate kama mchezo wa watoto wa “moto, baridi”. Kitu kikiwa kimezimwa ao chaji imeisha, hutaona chochote.

Kwa simu iliyoibiwa, kazi inaanza kabla ya wizi. Piga *#06#, andika zile namba 15 kwenye karatasi, uziweke pamoja na risiti. Namba hizo ni za simu yako peke yake, na unaweza kuzionyesha polisi simu ikipatikana.

Viongozi wa avenyu na wa kartie wakatae kuongoza kundi linalofuata namba ya Bluetooth hadi mlangoni mwa mtu. Mafundi wa simu wanaoweka programu hizi wawaeleze wateja mpaka wake. Na sisi wanahabari wa redio za hapa tulisema hewani kabla shati la kijana mwingine halijashikwa, kwa maana si kila avenyu ina mzee kama yule.