Tahadhari: Si Kila Kujikunja kwa Mtoto ni Tumbo

Kama nyumbani kwako kuna mtoto wa kati ya miezi 3 na mwaka mmoja anayejikunja ghafla, akatupa mikono na kuinamisha kichwa, kisha akarudia hivyo hivyo mara nyingi mfululizo, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali leo. Pengine bibi, jirani na hata muuza dawa wamekwambia ni mchango, ni gesi, ni maziwa yanapanda. Huenda wamepatia. Lakini kuna kifafa cha watoto wachanga kinachofanana mno na maumivu ya tumbo, na kila wiki kinapoachwa bila tiba ubongo wa mtoto unazidi kuumia.

Kucheua kwenyewe si ugonjwa. Msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo la mtoto bado ni mlegevu, kwa hiyo maziwa hupanda, na tindikali hupanda nayo. Hali hiyo huzidi karibu na mwezi wa 4, hupungua mtoto akianza kukaa na kusimama, na wengi huwa wameshaacha kabla ya mwaka na nusu. Wachache huchomwa na tindikali kiasi cha kupinda mgongo na kukaza shingo kuelekea upande mmoja, hasa wakishanyonya. Madaktari huita hali hii sindromu ya Sandifer, na ilielezwa kitaalamu mwaka 1964. Ukiiona inatisha, ila haitokani na ubongo, na hutulia kucheua kunapotulia.

Hatari iko hapa: kifafa ninachokizungumzia huanza mara nyingi kati ya mwezi wa 4 na wa 7, yaani umri ule ule ambao kila mtu amekwisha kuzoea kusema mtoto anacheua.

Aliyekieleza kwanza alikuwa baba. William James West, tabibu wa Tonbridge, Uingereza, aliliandikia jarida la Lancet mwaka 1841 kuhusu mwanawe. Mwanzoni aliona kichwa kikiinama kidogo tu, akadhani si kitu. Baadaye mtoto akawa anainama kuelekea magoti, anaachia, anainama tena, hata mara 20 kwa mkupuo mmoja. West alimwekea ruba, akampa dawa za kuharisha, bila mafanikio. Leo tiba ipo, na ndiyo maana kuchelewa kunauma zaidi.

Mtazame mtoto vizuri. Mshtuko mmoja wa kifafa hiki huchukua sekunde moja au mbili. Anatulia sekunde chache, unakuja mwingine, kisha mwingine, kama vile kuna kitu kinachomhesabia. Hutokea sana anapoamka usingizini, awe amenyonya au hajanyonya. Kati ya mshtuko na mshtuko anaweza kulia, na kilio hicho ndicho kinachowafanya watu waseme tumbo. Hana joto, hatoki povu, hapotezi fahamu kwa muda mrefu, basi hakuna anayefikiria degedege. Mtoto anayeshtuka kwa sababu mlango umebamizwa ni jambo jingine, na hilo huisha karibu na mwezi wa 4 hadi wa 6. Anayerusharusha viungo akiwa usingizini tu, akiamshwa anaacha, kwa kawaida naye hana neno.

Dalili nisiyotaka upuuzie ni mtoto kurudi nyuma. Alikuwa anacheka, sasa hacheki. Alikuwa anakufuata kwa macho, sasa anakutazama kama hakuoni. Alishaanza kujigeuza, ameacha. Kucheua hakumnyang'anyi mtoto tabasamu.

Kifafa hiki huwapata zaidi waliochelewa kulia walipozaliwa, waliougua homa ya uti wa mgongo, wenye sindromu ya Down, na wenye mabaka meupe ya kuzaliwa nayo kwenye ngozi. Lakini huwapata pia waliozaliwa salama salimini.

Chukua simu urekodi. Mfunue mtoto ili uso, mikono na miguu vionekane, uache kamera iende dakika mbili tatu. Ukifika kwa daktari mtoto atakuwa ametulia anachezea vidole vyake, na bila video hiyo utarudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya gesi. Kipimo kinachohitajika ni cha umeme wa ubongo, na hufanyika kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam au Kenyatta ya Nairobi, omba rufaa. Ukiandikiwa dawa ya tindikali na kuambiwa urudi baada ya mwezi, uliza kwa heshima lakini bila kuona haya: "Daktari, hiki hakiwezi kuwa kifafa?"

Moja ya dawa zake, predinisoloni, ni vidonge vya bei nafuu. Nakuomba usikimbilie duka la dawa. Kwa kiwango kinachotumika hapa hupandisha shinikizo la damu, hudhoofisha kinga, na kuiacha ghafla ni hatari.

Wakati unatafuta usafiri, usimlaze kifudifudi wala kumwinua kwa mito eti maziwa yasipande. Watoto hufa usingizini kwa namna hiyo. Mlaze chali, mahali tambarare. Usimfukize kinyesi cha tembo, usimtikise, usimmwagie maji.

Na ukifika mapokezi usiseme mtoto ana tumbo, maana utapangwa foleni ya tumbo. Sema anashtuka kwa mfululizo, taja siku ilipoanza, taja alichokuwa anakiweza na sasa hakiwezi, kisha toa simu.