Wageni wawili, filimbi mbili

Huku Marekani ligi za kikapu za kiangazi zimepamba moto, nami nimejitosa kwenye urefa. Mechi sita kwa Jumamosi moja, watoto wadogo, wazazi ndio wenye kelele!

Juzi nikampigia mshambuliaji faulo ya kumgonga mlinzi, kumbe mlinzi ndiye aliyemsogelea. Kocha akanijia juu. Mwenzangu naye mgeni, tukabaki kutazamana tu.

Mimi nasema wageni wawili wasipangwe pamoja. Tunaambiwa tulipie kambi ya waamuzi (kwa hela ipi?), wakati mzee mmoja alinifundisha bure ndani ya mechi moja: mtazame mlinzi, siyo mpira. Kila mgeni apewe mkongwe.

Nimemwandikia mpangaji, hajajibu. Kesho naingia saa mbili asubuhi.