MIMEA YETU: Ua la ukingoni mwa msitu

Bamia iliyomo jikoni mwako, ndugu msomaji, na pamba iliyofumwa katika shati lako ni za ukoo mmoja. Wataalamu wa mimea wameuita ukoo huo Malvaceae. Wamo pia rozela, ambayo wengine huiita choya, na, kwa hesabu ya siku hizi, hata mbuyu. Leo tunamtazama ndugu yao mmoja asiyejulikana sana mijini, aitwaye kitaalamu Pavonia urens.

Huyu ni mmea wa nyanda za juu. Tukitaka kuyaelewa makazi yake, na tuende Mogitu, wilayani Hanang, katika Mkoa wa Manyara. Hapo Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya meta 3,400, umesimama peke yake juu ya tambarare kavu. Ni mlima uliotokana na volkano, na miteremko yake imevikwa msitu. Chini yake Wabarbaig huchunga ng'ombe, na Wairaqw hulima mahindi na maharage. Kati ya msitu na shamba upo ukanda mwembamba wa vichaka, usio shamba wala msitu kamili. Katika kanda za namna hiyo, milimani mwa Afrika Mashariki, ndimo ustawimo mmea wetu.

Hukua ukampita mtu kwa urefu. Majani yake ni mapana, yamegawanyika mfano wa kiganja, nayo yana vinyweleo viwezavyo kuwasha ngozi. Ndiyo maana ya neno lile la Kilatini, urens. Maua yake ni ya waridi au meupe, yenye kitovu cheusicheusi. Ukilichungulia ua utaona stameni zimeungana kuwa mrija mmoja katikati, kama zilivyo katika ua la bamia. Gome lake lina nyuzi imara, ambazo watu wa milimani wamezitumia kwa kamba na kufungia mizigo.

Mkulima mwenye haraka huuona mmea huu kuwa gugu tu. Lakini vichaka vya ukingoni ndivyo ukuta wa msitu. Huzuia jua kali na upepo mkavu visiingie ndani na kukausha udongo na miche michanga. Maji ya mvua yateremkapo, mashina na mizizi hupunguza mwendo wake, yakapata nafasi ya kuzama ardhini. Ukuta huo ukivunjwa, miti iliyokuwa ndani ndiyo inayogeuka kuwa ukingo, na miti hiyo haikuzoea kupigwa na jua wala upepo.

Wakazi wa Hanang wanajua uzito wa maji ya mlimani. Tarehe 3 Desemba, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilikuwa imelowa ikameguka. Haitakuwa haki kudai kwamba vichaka vingeliweza kuuzuia mmeguko wa namna hiyo. Hata hivyo, zipo mvua nyingine nyingi zinazokuja kila mwaka, zinazochukua udongo kidogo kidogo bila kutangazwa redioni. Kwa mvua hizo, ukanda wa vichaka ni kinga ya kweli.

Jambo hili latuhusu hata sisi wafanyakazi tulioko mijini. Wengi wetu tuna mashamba nyumbani, na kila msimu tunatuma fedha ili yalimwe. Mara nyingi tunaagiza shamba lisafishwe lote, kwa kuwa tumelipia lote. Kibarua naye hutii, akafyeka mpaka mguuni mwa miti au kando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Palipo na msitu, busara yatutaka tuuheshimu ukingo wake pia.

Kwa hiyo, msimu huu utumapo fedha, tuma na neno: vichaka vya mwisho wa shamba visiguswe. Mistari michache ya mahindi itapungua, lakini udongo wa mistari iliyobaki utakuwapo mwaka ujao.