Hatia ya Ulevi Haibaki Mpakani

Wako wanaodhani kwamba dereva aliyetiwa hatiani Marekani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, akihamia jimbo jingine, ameiacha hatia yake nyuma. Si kweli hata kidogo. Karibu majimbo yote hupashana habari za madereva.

Tutazame Florida. Tangu 2007 sheria yake humlazimisha mkosaji wa namna hiyo, kwa miaka 3, awe na bima ya dola 100,000 kwa kila majeruhi na 300,000 kwa ajali moja. Hata akihama, sharti hilo humfuata. Na hatia yenyewe? Hukaa katika kumbukumbu za leseni miaka 75! Kampuni nyingi za bima hutazama miaka 3 hadi 5 tu, lakini mhamiaji ni mteja mpya. Jalada lake hufunguliwa upya. Akificha hatia akaulizwa, bima yaweza kufutwa.

Hatumtetei mlevi, gari mikononi mwake ni silaha. Lakini kumbukumbu ya miaka 75 ni kifungo cha maisha. Ndugu zetu walioko huko waulize bei ya bima kabla ya kufunga mizigo, na waseme kweli.