Kikaragosi cha Plastiki na Sahani ya Kidakani

Wako wazazi katika mitaa ya magharibi ya Nairobi, hasa Kileleshwa, mahali palipokuwa na nyumba za vigae vyekundu na sasa pamejaa maghorofa, ambao hushika vichwa kwa yale wanayoyaona. Vijana wao, watu wazima wenye kazi na mishahara, wananunua vikaragosi vya plastiki. Wala si vya kuchezea. Huvipanga katika kabati la kioo, na vingine havitolewi hata ndani ya boksi lake. Mzazi akiuliza, "Mwanangu, hiki kina faida gani?" kijana hujibu kwa kutaja bei inayomtoa mzee jasho.

Kucheka ni rahisi. Lakini sisi watu wa pwani yafaa tufikiri kwanza, kwani jambo hili si geni kwetu. Katika nyumba za kale za mawe kule Lamu kulijengwa zidaka ukutani, safu juu ya safu, na ndani yake zikapangwa sahani na mabakuli ya kaure yaliyovuka bahari kutoka Uchina. Hazikupakuliwa wali sahani zile. Wazee wetu walizienzi hata wakazijengea katika makaburi ya nguzo, kama yale ya Mambrui na ya Kunduchi. Na bibi zetu je? Nani asiyekumbuka sanduku la kanga, lenye doti ambazo hazikukatwa wala hazikuguswa na maji? Aliyeikata doti amepata nguo. Aliyeiacha nzima ana akiba. Kijana wa Kileleshwa asiyefungua boksi anafuata kanuni hiyo hiyo ya bibi yake.

Basi ni nini hasa kinachokipa kitu cha namna hii thamani? Si kile kilichotumika kukitengeneza. Vinaili ni plastiki laini tu, humiminwa katika kalibu ikatoka na umbo. Nionavyo mimi mambo ni matatu: uhaba, ukamilifu na nasaba.

Tuanze na uhaba. Uko uhaba uletwao na miaka: sahani zilikuwa mia, zikavunjika moja baada ya moja, zikabaki tatu. Na uko uhaba unaopangwa na mwenye kiwanda. Kampuni ya Funko ya Marekani ilianzishwa mwaka 1998, na vikaragosi vyake vya Pop, vile vyenye vichwa vikubwa na macho meusi, vilitoka mwaka 2010. Baadhi yake hutolewa kwa idadi maalumu, au huuzwa katika duka moja tu au katika maonyesho ya siku chache, kisha havitengenezwi tena. Hapo ndipo bei inapopanda. Lakini mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba itatupa bidhaa zake za dola milioni 30 na zaidi, kwa sababu maghala yamefurika na kuzihifadhi kunakula fedha. Yaani kilichokuwa hazina kabatini mwa mtu kilikuwa takataka ghalani kwa aliyekitengeneza! Uhaba wa miaka hauwezi kufutwa na mtu. Uhaba wa kiwanda uko mkononi mwa mwenye kiwanda.

Ukamilifu nao hauhitaji maneno mengi. Boksi lisiwe na kona iliyokunjika, rangi isififie, kitu chochote kisipungue. Wakusanyaji wa stempu wanaijua sheria hii, na wa sarafu pia.

La tatu ndilo kubwa. Nasaba ya kitu ni hadithi yake: nani alikibuni, kilitoka wapi, kilifikaje kwako. Labubu, kile kikaragosi chenye masikio marefu na meno ya msumeno, kilibuniwa mwaka 2015 na msanii Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi. Mwezi wa Juni 2025, katika mnada mjini Beijing, Labubu mmoja wa kimo cha mtu aliuzwa kwa yuan milioni moja na ushei, karibu dola 150,000. Fedha hizo zililipwa kwa sababu chumbani mle walikuwamo watu wawili au zaidi walioitaka hadithi ile siku ile. Wakitoka watu hao, bei nayo hutoka pamoja nao.

Hapa ndipo ninapokuwa na neno na vijana wetu. Kampuni ya Pop Mart, inayouza Labubu, huuza vingi katika maboksi yaliyofungwa, mnunuzi asijue amepata kipi. Katika baadhi ya matoleo, kile cha siri hupatikana mara moja tu katika maboksi 72. Sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka tulifundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza biashara ya gharari, yaani ya kisichojulikana. Hukumu nawaachia masheikh, kama ninavyowaachia suala la sanamu kuwekwa nyumbani. Mimi nasema tu kwamba mtu anayenunua maboksi kumi akiwinda moja hakusanyi, anabahatisha. Na kubahatisha ni ndugu wa kamari. Hata serikali ya Uchina yenyewe ilitoa mwongozo mwaka 2023 kwamba maboksi hayo yasiuzwe kwa watoto walio chini ya miaka 8.

Lakini mkusanyaji wa kweli simcheki, kwa kuwa anajua alichonacho. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya vitabu, stempu na kazi za sanaa za Afrika wakati wengi waliziona ni makorokoro. Leo mwenye kupita katikati ya jiji la Nairobi aweza kuingia katika jengo la Nyaraka za Taifa akaona sehemu ya mali hiyo. Murumbi hakubahatisha. Alisoma, akauliza, akaandika.

Sisi je? Sahani za zidaka ziliuzwa kwa wageni kwa bei ya samaki. Milango ya nakshi iling'olewa ikapakiwa melini. Katika makaburi mengi ya nguzo leo utaona vishimo vitupu vya duara, mahali palipokuwa na bakuli. Hatukukosa mali, tulikosa kujua nasaba yake, na aliyeijua akaichukua.

Kwa hiyo mzazi wa Kileleshwa asimgombeze mwanawe kwa kutunza. Amkataze boksi la kubahatisha, kisha amwambie: hilo daftari lako, unamoandika kila kikaragosi kilitoka mwaka gani na umekipata kwa nani, liongeze ukurasa mmoja. Andika kuhusu kanga ya nyanya yako, kuhusu kijaluba cha fedha, kuhusu ile sahani iliyosalia Lamu. Muulize shangazi angali hai ilimfikiaje. Vikaragosi vya kiwandani vina watu wengi wa kuvihesabu. Vya kwetu vinangoja mmoja wetu.