Kabla fundi hajafomati

Nitasema kitu ambacho mafundi wa hapa town watanikasirikia: kufomati si kutengeneza. Ukipeleka laptopu inayojizima, utaulizwa kama una bakapu na kama una elfu moja, basi. Mfumo unawekwa upya, unaenda nyumbani na furaha ya wiki mbili. Ikirudia unaambiwa mashine imezeeka, nunua ingine. Hakuna mtu amekuuliza: ilizima ukifanya nini?

Na hilo ndilo swali lenyewe. Kuna hitilafu ya kubahatisha, inakuja leo, inapotea mwezi mzima, hiyo hata mtaalamu atahangaika nayo. Halafu kuna ile unaweza kuiita ikaja. Unafanya hiki, unafanya kile, mashine inakufa, kila mara, bila kukosa. Watu wengi huona hii ya pili ndiyo mbaya zaidi. Mimi nasema ni mali. Ukiwa nayo usiifute, iripoti.

Hapa naongea juu ya kerneli. Kerneli ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayosimama kati ya programu zako na vyuma: memori, diski, skrini, modemu. Programu ya kawaida ikianguka unaifungua tena, maisha yanaendelea. Kerneli ikianguka, kila kitu kinaenda nayo. Mnakumbuka 19 Julai 2024, sasisho moja la CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows karibu milioni 8.5 na ndege zikakwama viwanjani? Programu ile ilikuwa inafanya kazi ndani ya kerneli, ndiyo maana mashine hazikuwa na pa kushika. Na usiseme haya ni mambo ya watu wa laptopu. Android iliyo mkononi mwako inaendeshwa na kerneli ya Linux.

Yangu ni hii. Nahariri video kwa laptopu ya mtumba yenye Linux. Nikichomeka modemu ya USB, nikaingia mtandaoni, nikafunga kifuniko ilale, halafu nikafungua, napata skrini nyeusi na taa ya Caps Lock inapepesa. Kwa Linux, taa ikipepesa hivyo ni kerneli inakuambia imefika mwisho. Nimejaribu mara 10, imekufa mara 10. Bila modemu, mara 10, haijafa hata moja. Modemu ikiwa imechomekwa lakini sijaunganisha, haifi. Na kerneli ya zamani, ambayo bado iko kwenye menyu ya kuwasha, haina shida kabisa.

Sasa jiulize ni nani mwingine duniani atakutana na hii. Msanidi wa Ujerumani ako na faiba nyumbani, modemu ya USB aliiona mwisho akiwa shule. Sisi tuko Mandera, mji ambao kwa miaka mingi stima yake imetoka kwa majenereta ya dizeli ya hapa hapa, mbali na gridi ya taifa. Stima ikipotea unafunga laptopu haraka kuokoa betri, modemu ikiwa bado ndani. Ni tabia ya hapa, hatuifikirii hata. Google wana roboti inaitwa syzbot, kazi yake ni kuishambulia kerneli ya Linux mchana na usiku na kutuma ripoti, na wallahi inapata makosa mengi. Lakini hiyo roboti haijawahi kupotelewa na stima katikati ya kupakia video. Kitu kama hiki kisiporipotiwa na mtu wa Mandera, Wajir au Marsabit, kinaweza kukaa humo miaka.

Kwa hivyo niliandika. Ripoti nzuri ni fupi na haina hasira. Unataja mashine, namba ya toleo la kerneli, hatua kwa mpangilio wake, na imetokea mara ngapi kati ya ngapi. Hiyo "10 kati ya 10" ina nguvu kuliko aya tatu za malalamiko. Unaongeza maneno ya mwisho ya kerneli: ukiwasha tena, amri ya journalctl -k -b -1 inakuonyesha ilisema nini kabla ya kufa. Kama haikuwahi kuandika chochote kwa diski na kuna maandishi kwenye skrini, piga picha na simu. Na kama umeweka draiva ya kampuni ambayo kodi yake imefungwa, itoe kwanza ujaribu tena, kwa sababu kerneli hujiwekea alama kwamba imechafuliwa na wasanidi wengi wakiona hiyo alama hawaendelei kusoma.

Wa kwanza kuwaandikia ni wale waliotengeneza Linux unayotumia. Ukithibitisha kosa liko hata kwa kerneli tupu ya kernel.org, unaenda kwa wenyewe. Ndani ya kodi kuna faili inaitwa MAINTAINERS, ina majina na barua pepe za wanaosimamia kila sehemu. Andika maandishi matupu, bila rangi na mapambo, la sivyo orodha yao inairudisha.

Najua kinachowazuia wengi. Kiingereza, na ile hofu ya "mimi ni nani". Walaal, hakuna aliyeniuliza digrii iko wapi, na ni vizuri maana niliacha chuo. Linus Torvalds mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki alipotangaza Linux mwaka 1991. Ni kweli alikuwa na mdomo mkali, hadi Septemba 2018 akaomba msamaha hadharani na kupumzika kidogo, na mradi ukapata kanuni za adabu. Mimi nilijibiwa baada ya siku 9, kwa sentensi nne, zote za heshima.

Tatizo ni walichoniomba. Kwa kuwa toleo la zamani lilikuwa sawa, kosa liliingia katikati, na Linux ina sheria kwamba kilichokuwa kinafanya kazi kisivunjwe na toleo jipya. Kwa hivyo wanataka kujua ni badiliko gani lililoleta. Toleo jipya hutoka kila wiki 9 au 10, na kati ya toleo moja na lifuatalo kuna mabadiliko zaidi ya 10,000. Unachofanya ni kugawa katikati: unajenga kerneli ya katikati, unajaribu, ikifa kosa liko nusu ya chini, isipokufa liko nusu ya juu, unagawa tena. Raundi kama 14 zinatosha. Hapo ndipo unaona kwa nini hitilafu inayorudia ni mali: kila raundi inakupa ndiyo au hapana. Ile ya kubahatisha itakudanganya raundi ya tatu na kazi yote imeenda.

Lakini raundi moja kwa mashine yangu ni saa nyingi, na historia kamili ya kodi ni GB kadhaa. Ombi lao ni la haki, ila bei yake si sawa kwa kila mtu, na nadhani tunafaa kuwaambia hivyo waziwazi badala ya kunyamaza wakadhani tumepuuza. Niliwaandikia kwamba nitachukua muda kwa sababu ya stima na bando. Wakasema sawa, watangoja.

Kwa wenzangu wa kontenti: Mei 2015 kulikuwa na ujumbe mmoja, ndani yake herufi za Kiarabu, ukiufikisha kwa iPhone inaanguka. Kosa lilikuwa kwenye sehemu inayochora maandishi, si kerneli, lakini watu walirushiana kama mchezo hadi Apple walipoziba. Najua video kama hiyo ingenipa views. Ukigundua njia ya kuangusha simu ya mtu mwingine ukiwa mbali, usiipost. Wasanidi wana anwani ya siri kwa mambo hayo. Kuna mtu anategemea hiyo simu kwa M-Pesa ya duka lake.

Niko raundi ya 9. Kama uko Elwak, Rhamu, Wajir au Garissa na una Linux na modemu ya USB, ingia mtandaoni, funga kifuniko, ngoja dakika moja, fungua, uniandikie taa ya Caps Lock inafanya nini na kerneli yako ni toleo gani. Na kama ni simu yako inayojizima, niambie ulikuwa unafanya nini kabla hujaipeleka kwa fundi.