Tusiharakishe kumlaumu mtumiaji
Programu inapoleta madhara, lawama humwangukia kwanza aliyebonyeza kitufe. Uchunguzi wa watafiti Nancy Leveson na Clark Turner kuhusu ajali za mashine ya Therac-25, uliochapishwa mwaka 1993, unaonyesha ubaya wa pupa hiyo. Kati ya 1985 na 1987, mashine hiyo ya tiba ya mionzi iliwazidishia dozi wagonjwa sita Marekani na Kanada, na baadhi yao walifariki. Skrini ilitoa namba ya hitilafu bila maelezo, na kwa kuwa hitilafu zilijirudia mno, wahudumu walizoea kubonyeza kitufe cha kuendelea. Vizuizi vya kimitambo vya mashine za awali vilikuwa vimeondolewa, usalama ukaachiwa programu. Wapo watakaosema mafunzo yangetosha. Hasha! Moja ya kasoro za programu hiyo ilimnasa mhudumu mzoefu, kwa sababu alirekebisha upesi maelezo ya tiba aliyoyaandika kwenye skrini. Kwa hiyo, hospitali inayonunua mfumo iulize wahudumu gani waliujaribu, tena wakiwa kazini.